Bi. Dorika, Msalimiaji wa Kompyuta

Kwa huzuni na taadhima zote, ofisi inawatangazia wafanyakazi kwamba kuanzia Jumanne, tarehe 1 Julai 2003, kompyuta ya chumba cha uchapaji haitasalimiwa tena. Aliyekuwa akiisalimia, Bi. Dorika Mughwai, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti.

Alitoka Mtinko mwaka 1974, akaajiriwa kuwa mpiga chapa. Taipureta yake ilisikika hadi kwenye mashine za kukamulia, na barua zake hazikuwa na kosa, isipokuwa zile nilizoziandaa mimi, mwandishi wa tangazo hili.

Enzi za kompyuta, kila asubuhi aliandika herufi tatu, VER, akabonyeza Enter, nayo ikajitambulisha kwa jina la programu inayoiendesha: MS-DOS, toleo la tano. Tulipomcheka, alisema kwao Mtinko mtu hatumwi kabla hajasalimiwa. Hata Windows ilipoingia, alifungua kale kadirisha keusi, akaijulia hali, ndipo akaanza kazi. Mimi niliyepelekwa kozi ya kompyuta Dodoma nikarudi na cheti, hadi leo namwita aje aniwashie.

Sasa, vijana wa stoo husimulia kwamba mwaka 1996, kiwanda kilipobinafsishwa, Bi. Dorika aliifufua kompyuta iliyokufa mbele ya mwajiri mpya, ndiyo maana hakupunguzwa. Tamu kweli. Ila nilikuwepo, na haikuwa hivyo.

Wapiga chapa walikuwa watatu, na ilitakiwa abaki mmoja. Bi. Dorika alikuwa na watoto wanne sekondari. Bwana Mansuri, mwenye kiwanda, alikuwa amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Ilikaa wiki nzima imefunikwa kitambaa. Aliwaita watatu hao, akauliza ina toleo gani, maana alitaka kuagiza programu ya mishahara. Wenzake wakatazama dari. Yeye akaandika VER, jibu likatokea. Alikuwa amefundishwa na fundi aliyekuja kuifunga, siku alipompelekea chai akaionyesha kompyuta na kuuliza huyu mgeni naye anaitwa nani.

Bwana Mansuri akatamka kwamba amempata mtaalamu. Bi. Dorika angenyamaza tu, kazi ilikuwa yake! Badala yake akamwambia bosi asidanganyike: hilo ndilo pekee alijualo, hata kuizima hajui, ila akifundishwa atajifunza. Sisi tuliokuwa tunachungulia mlangoni tukashika vichwa. Bwana Mansuri akacheka hadi akakaa, akasema basi huyu ndiye wa kuachiwa mishahara ya watu.

Ndivyo ilivyokuwa. Asante sana, dada yetu. Kuku unaokwenda kuwafuga kwenu Mtinko wazaane, na kila utakayemsalimia akuitikie upesi kama ile mashine.