Pawabanki ya Lukumani Imeota Tumbo

Mbele ya nyumba yangu hapa Vulamba kuko ubao moja murefu, umelalia matofali ine, na juu ya ule ubao njo banaume banatengenezaka dunia kila asubuhi. Mama Godelive, mwenye kuuzisha kahawa, anaweka mbabula yake pembeni, makala inashika, birika inaanza kulia, na benye ubao banafika mumoja-mumoja, usingizi ingali kwenye macho. Mi sinywake kahawa yao, tumbo yangu iliikataa tangu zamani. Nakaaka kwenye mulango na kitunga ya maharagi, natoa maganda. Lakini maharagi ni kazi ya vidole, masikio inabakia bule. Kama Mungu hakutaka nisikie mambo ya batu, angeweka ule ubao mbele ya nyumba ya mwengine.

Siku ya ine Lukumani alifika wa kwanza. Huyu ni kijana wa taxi ya pikipiki, mutoto wa kule Beni, tunamuita Tout-Terrain ju anapitishaka pikipiki fasi hata mbuzi inawaza mara mbili. Sasa majuma tatu bibi yake Hadjara alizaa mutoto mwanaume, na tangu ile siku Tout-Terrain anaendesha polepole hata kwenye goudron, njia ya lami. Akachomoa kitu ndani ya koti, akaiweka juu ya ubao. Ni pawabanki, ile kisanduku nyeusi yenye batu banabebea courant ya umeme, telefone inakuja kunyonya. Ila hii ilikuwa na tumbo. Ilivimba katikati mpaka ubavu moja ilianza kuachana na mwenzake.

— Muzee Ingénieur, angalia, Lukumani akasema. Tangu juzi iko inavimba tu.

Ingénieur ni muzee Kitsa. Anatengenezaka radio tangu wakati radio ilikuwa nzito kama mbuzi. Ile u-ingénieur alisomea wapi, niko na mawazo yangu, lakini leo si siku yake. Akavaa miwani, akagusa.

— Iko moto.

— Ni ju imetoka karibu na mbabula, muzee. Nguvu yake ilikuwa inaisha mbio, njo nikafanya vile ulinifundisha. Jiwe ya radio, ile betri ya kuviringana, ikichoka, unaiweka karibu na makala, inafufuka.

— Nilisema jiwe ya radio.

— Na hii si jiwe kubwa tu?

Na ukweli, sisi bote hapa tulikomaa na ile akili. Jiwe ikizeeka unaianika kwenye jua. Jua ikikosa, na hapa kwetu jua iko na kiburi, unaipeleka kwenye moto, unasikiliza habari mpaka mwisho. Baba yangu yeye alikuwa anaziuma na meno. Donc kwa Hadjara, vile desturi inataka, mbabula iko inawaka ndani ju ya joto ya mutoto, na bwana yake anaona moto ya bule: mutoto upande huu, pawabanki upande ule, bote banaota.

Hapo Kasereka akafika. Alibebaka mizigo ya malori kule Kasindi kwenye mupaka mwaka moja, akarudia na mudomo ya mupaka, njo maana jina yake ni Douane, ni kusema forodha. Hata kahawa anaichunguzaka mbele ya kunywa.

— Hiyo kitu ilipitia wapi? akauliza.

— Si wewe uliniletea?

— Basi ilipita muzuri. Ulipanda nayo Lubero?

— Juma iliyopita, na client moja.

— Njo ile. Hiyo ilijaa hewa ya Kasindi, hewa ya chini, ya joto. Unaipandisha Lubero kwenye baridi, hewa inashangaa, inatafuta mulango. Mi mwenyewe nilivimba miguu.

— Miguu yako ilivimba ju ya pombe, mama Godelive akasema, macho kwenye birika.

— Mama, mi nazungumuza science.

Muzee Kitsa akatikisa kichwa. Kwake yeye, kisanduku kilikula kupita kiasi. Kila siku kinashinda kwa jirani mwenye panneau ya jua, hakuna mwenye anakichomoa, kinakunywa mpaka jua inazama. Na kikirudi nyumbani, kinanyonyesha telefone mbili na taa ya ampoule kwa mara moja.

— Mukono moja hauwezi kufunga muzigo, akasema.

— Sasa hiyo inaingiaje, muzee?

— Inaingia. Ngoja utaona.

Mama Godelive akamupa Lukumani kikombe, lakini hakukiachilia.

— Tout-Terrain, hii kitu inalalaka wapi?

— Chini ya matela ya kulalia, mama.

— Matela ya nani?

— Ya Hadjara na mutoto. Mi nalala kwenye mukeka. Benye kuiba ni bengi, mama, pawabanki zote za quartier, za mutaa muzima, zinalalaka chini ya matela. Naacha kamba yake itokee pembeni, ampoule inawaka, Hadjara anabadilisha mutoto bila kuhangaika. Hata jana usiku ilikuwa pale. Asubuhi njo nikaona matela imepanda fasi moja.

Mi niliacha maharagi. Lakini Douane alikuwa ameshapata mwangaza.

— Majuma ngapi sasa banailalia?

— Tatu.

— Na kuku, inalaliaka yai majuma ngapi?

Bakaangaliana. Ni muzee Kitsa alijibu, polepole.

— Tatu.

— Mi nimemaliza, Douane akasema. Joto iko, giza iko, siku zimetimia. Hapa ndani kuko kitu inataka kutoka. Lukumani, ikitotoa mbili, moja ni yangu, ju ni mi nilivusha mama yao.

Walicheka mpaka kahawa ikamwangika. Na mi nilicheka, sitadanganya. Kicheko kikiisha, muzee Kitsa akatoa ndani ya mufuko rayon ya velo, waya ya gurudumu ya baiskeli, yenye alinoa ncha yake kama sindano.

— Yai ao hewa, dawa ni moja. Jipu inapasuliwa. Natoboa kidogo, pumuzi inatoka, ninafunga na utepe ya scotch, leo jioni inarudia chini ya matela, mutoto anapata ampoule yake.

— Atoboe, Douane akasema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Ile inasema kuziba, mama Godelive akamukumbusha.

— Methali ni kama muhogo, mama. Kila mutu anakata fasi meno yake inaweza.

Lukumani alishika kisanduku na mikono mbili ili kisiteleze. Ncha ya rayon ilikuwa imeshagusa kando. Mama Godelive akaweka birika chini.

— Ingénieur. Mbele ya kutoboa, waambie kovu ya hiyo mukono yako ilitoka wapi.

— Nilisema ni uji ya moto.

— Ulisema.

Sasa hapa niombe musamaha kidogo. Mi niliambia nusu ya quartier kama ni bibi yake Julie alimumwangia maji ya moto, na niliambia sababu yake pia. Muzee Kitsa akaangalia mukono yake, ngozi yenye kung'ara kama ganda ya kitunguu, akaanza kusema kwa sauti yenye sijawahi kumusikia nayo.

— Ilikuwa betri ya telefone. Ndogo kama biskuti. Ilivimba hivi-hivi. Nikaingiza kisu. Ikafanya fuuu, moshi mweupe ikajaa nyumba, halafu moto ikaruka, si moto ya makala, ni moto yenye inakufuata. Pazia likaenda, meza ikaenda. Namwangia maji, inazimika, naigeuza mugongo, inawaka tena.

Tuliangalia kisanduku. Mara tano ya biskuti, ao sita.

— Na leo unatoboa tena? mama Godelive akauliza.

— Leo niko na expérience.

— Tena leo tuko inje, Douane akaongeza, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshasogea mpaka mwisho wa ubao.

— Mutoto hawezi kulala kwenye giza, Lukumani akasema. Na mi telefone ikizima, client anaita mwengine. Niko na hii moja tu. Kama haitoboleki, basi nairudisha vile iko. Pengine itashuka yenyewe.

Ni pale Hadjara alitokea kwenye kona, mutoto kwenye mugongo, amefunikwa na bulangeti mpaka kofia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka inje tangu azae, na alikuwa bado anakanyaga chini kama mutu anajaribu daraja.

— Mwavukire, akatusalimia bote, na kwangu akainama kidogo vile banasalimiaka nyanya. Koko, umeamuka muzuri?

Halafu akaona kisanduku kwenye mikono ya bwana yake.

— Kumbe uko nayo hapa. Nimeitafuta chini ya matela, nimekuta fasi yake, kitambaa kimekuwa rangi ya chai. Kuko nini?

Basi bakamuelezea, bote kwa mara moja. Hewa ya Kasindi. Kushiba. Yai, Douane alisema kwa haraka na hakuangalia mutu. Rayon. Biskuti. Hadjara alisikiliza mpaka mwisho, anatikisa mutoto polepole. Hakupandisha sauti.

— Sawa, akasema. Leo mangaribi, nani kati yenu atalala juu yake?

Douane alifungua mudomo, nikaona kabisa science inakuja, halafu ikarudia kwake ndani. Muzee Kitsa akatoa miwani, akaanza kuifuta na shati yenye ilikuwa chafu kupita miwani. Makala ilipasuka ndani ya mbabula na banaume batatu baliruka. Hadjara alibakia amesimama anangojea, kwa heshima yote, vile mutu anangojea chenji.

Ni Lukumani alisimama. Aliomba mama Godelive chungu yake ya kuvunjika, akajaza muchanga ya kukauka, akalaza kisanduku ndani polepole kuliko vile anabebaka mutoto, akafunika na muchanga ingine. Akakipeleka kule chini kwenye kiwanja tupu, mbali na nyumba, mbali na miti, na Douane akamufuata akiwa anafukuza batu kwenye njia na sauti ya mupaka. Kitu kama kile kinatupwaka wapi kwa kweli, hatukujua, na bado hatujue. Muzee Kitsa alisema ataenda kuuliza benye kutengeneza telefone kule mujini, na ile neno, kuuliza, ilimutoka kwa nguvu kama jino.

Mbele ya kuenda, alipita kwake, akarudi na torche ya mawe mbili, akamupa Hadjara.

— Mawe yake ikichoka? Hadjara akauliza.

— Unaleta kwangu. Usichome kitu.

Lukumani alirudi na muchanga kwenye viatu.

— Telefone nitaiacha kwa kabine ya kuchaji muchana, nikiwa napita, akasema. Usiku ilale. Client mwenye ananitaka usiku agonge mulango.

— Akigonga utaamusha mutoto, Douane akasema.

— Basi ataenda na miguu.

Hadjara alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Akageuza mugongo kwa mama Godelive, amusaidie kufungua kitambaa, akachukua mutoto mbele.

— Na mi kahawa, akasema.

Kwenye ule ubao hakuna mwanamuke alishaka kukaa, hata mi mwenye uko mbele ya nyumba yangu. Lakini hakuna mwenye alisema neno. Balisogea, kila mumoja kidogo, mpaka nafasi ikapatikana, na mi nikaweka kitunga chini ju niliona kama bakijibana tena kidogo, itapatikana na ya pili.