Kundi la Mwisho la Mama Orodha

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti mkae. Leo sauti yangu haina zile mbwembwe mlizozizoea. Nimechoka, na sioni sababu ya kuwaficha. Tangu Jumamosi usingizi wangu ni wa kuibia. Lakini ninayemkumbuka leo alichoka kuliko mimi, na alichoka kwa miaka mingi huku sisi tukimpigia makofi.

Tulimwita Mama Orodha. Alikuwa katibu muhtasi katika kampuni moja ya bima. Kila mwaka kampuni hiyo hufanya mashindano ya gofu ya hisani, na aliyeyaandaa ni yeye. Miaka kumi na minne, wasikilizaji. Narudia: miaka kumi na minne. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika fimbo ya gofu hata siku moja. Mimi nilikuwa mshereheshaji wake kwa miaka tisa. Kazi yangu ni kusimama na maikrofoni pale wachezaji wanapoanzia, nikiwaita wanne wanne.

Ilianzaje? Mkurugenzi wa wakati ule alitaka kampuni yake ionekane ina moyo. Akaitisha kikao, akauliza nani ataandaa mashindano. Watu wazima wakaanza kuvikagua viatu vyao. Mama Orodha akanyoosha mkono. Akasema, "Nitaandaa mimi. Ila kitakachopatikana kiende wodi ya watoto njiti." Kulikuwa na mkuu mmoja aliyetaka chemchemi ya maji mbele ya jengo, yenye taa na jina la kampuni. Chemchemi ikashindwa, naye akakubali kwa shingo upande.

Ile wodi aliijua vizuri. Binti yake alizaliwa na miezi saba, na mashine ya kuwapa watoto joto ilikuwa moja kwa watoto watatu. Leo binti ni mtu mzima. Aliniambia hivi: "Mama alikuwa anakagua kucha zangu kila asubuhi, aone kama zina rangi au zimegeuka buluu kwa baridi, kama kule wodini. Mpaka nimemaliza shule, bado alikuwa anashika mkono wangu na kuangalia kucha. Nikadhani anataka nizikate."

Sasa msidhani kuandaa gofu ni kununua mipira tu. Kuna mahema. Kuna vyoo vya kukodi. Kuna maji ya kunywa shimo la tisa, maana jua likiwaka pale hata meneja anakuwa mtoto. Kuna wadhamini wawili wasiotaka mabango yao yatazamane. Lakini kilichomtoa jasho hasa ni orodha. Watu sabini na wawili, makundi kumi na nane, kila kundi linaanza dakika nane baada ya jingine. Nani acheze na nani? Huyu na yule wanakitaka kiti kimoja, usiwaweke pamoja. Yule na mkewe waliachana, na wote wawili wanacheza. Wakili fulani hesabu zake za mapigo zina miujiza, mpe wenzake wenye macho. Mama Orodha aliandika kila jina kwenye kadi, akazitandaza kadi sebuleni kwake, juu ya zulia, juu ya makochi, akawa anazihamisha hamisha.

Mumewe ni dereva mstaafu wa basi la shule, mtu wa maneno machache. Anasema: "Sebule haikuwa yetu mwezi mzima. Siku moja nimerudi nimechoka, nikajitupa kwenye kochi. Mke wangu akapiga kelele, 'Inuka, umemkalia mkurugenzi! Huyo anaanza saa moja kamili!'"

Alicheka aliponisimulia.

Mwaka wa sita alianza kuomba apumzishwe. Daktari alishamwambia shinikizo la damu limepanda, apunguze mbio. Akamwendea bosi. Bosi akamjibu, "Mwaka huu tu, mama." Mwaka uliofuata, mwaka huu tu. Na uliofuata. Mumewe anasema, "Nilimwambia, acha tu, wataona wenyewe. Akanijibu, nikiacha watajenga chemchemi." Hapo ndipo alipokwama, wasikilizaji wapendwa. Hakuwa na nguvu za kuendelea, na aliogopa kuacha.

Sasa niseme langu. Mwaka wa kumi na moja nilimkuta nyuma ya hema kubwa, amekaa juu ya kreti la maji, viatu amevua, miguu imevimba. Akaniambia, "Kaka, nimechoka. Huu si uchovu wa kulala ukaisha." Mimi nikafanya nini? Nikashika maikrofoni. Nikatangaza uwanja mzima, "Mama Orodha anasema amechoka! Hebu mpigieni makofi apate nguvu!" Wakapiga. Wengine wakapiga na miluzi. Yeye akavaa viatu, akainuka, akaenda kupeleka maji shimo la tisa. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana siku ile. Leo naona aibu.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Amekuja mkurugenzi mpya, mwanamke, na Mama Orodha akampelekea barua ya mistari miwili. Kwanza, wodi ya watoto njiti isiondolewe kwenye mashindano. Pili, baada ya mwaka huu yeye apumzike. Mkurugenzi akatia saini yote mawili. Siku ile, anasema mumewe, alirudi nyumbani na jozi tatu za raba. "Nikamuuliza, hizi za nini? Akasema, utajua Jumamosi ya mashindano."

Hakuifikia Jumamosi hiyo. Wiki tano kabla, Jumanne mchana, alikuwa ofisini akizungumza kwa simu na mtu wa mahema. Akasema, "Subiri kidogo." Akalaza kichwa mezani. Yule mtu wa mahema ameniambia alisubiri, akidhani mama anatafuta kalamu.

Mashindano yakaendelea, kwa sababu kila kitu alikwishakipanga. Orodha ilikutwa kwenye droo yake, imechapwa, imebanwa. Kampuni ikaitoa nakala vilevile. Orodha ya Mama Orodha nani aihakiki? Hakuna aliyeisoma hadi mwisho. Mimi pia sikuisoma.

Basi Jumamosi nikasimama mahali pangu, nikaita kundi baada ya kundi. Mumewe na binti yake walikuwa kwenye hema, wamealikwa kupokea ngao ya shukrani. Ilipofika saa tatu na dakika kumi na sita nikafunua karatasi ya mwisho. Kundi la kumi na nane. Mdomo wangu ulitangulia akili. Nikasoma jina lake kwa sauti kubwa, na vipaza sauti vikalipeleka mpaka shimo la mbali. Chini yake ameandika: "Mume wangu." Chini yake: "Binti yangu." Na mstari wa nne uliandikwa: "Mtangazaji wetu, apumzishe mdomo acheze na sisi."

Nikamtazama yule mzee. Aliinuka taratibu, na miguuni alikuwa amevaa raba mpya. Binti naye hivyo hivyo. Nikaweka maikrofoni kwenye nyasi, nikawafuata.

Mzee alikosa mpira mara mbili. Mara ya tatu ulibingirika kama kutoka hapa nilipokaa hadi mlango wa studio. Binti akapiga. Nami nikapiga, sijui ulikwenda wapi. Kisha mzee akatoa mpira wa nne mfukoni, akauweka juu ya kijiti chake. Nikamuuliza, "Huu apige nani, mzee?" Akasema, "Huu ni wake. Tusiupige. Tuuache upumzike." Tukaondoka tukauacha pale. Hakukuwa na kundi jingine nyuma yetu.

Kwa mume wake, kwa binti yake, kwa wauguzi wa wodi ile na kwa wafanyakazi wenzake: poleni sana. Poleni tena. Sina dawa ya msiba wenu, nina pole tu, na pole yangu imechanganyika na kuomba radhi.

Nanyi mnaonisikiliza, mkiwa jikoni, mkiwa dukani, mkiwa njiani kwenda kazini. Fikirini ni nani karibu nanyi aliyesema "nimechoka" wiki hii. Mlimjibu nini? Kama mlimjibu kwa mzaha, au kwa "mwaka huu tu", mrudieni leo. Mpokeeni mzigo, hata kwa siku moja.

Zimebaki dakika nane za kipindi hiki. Kwa kawaida ningezijaza kwa maneno, mnanijua. Leo hapana. Dada, uliniambia nipumzishe mdomo. Naupumzisha.