Lesieli, Mizani na Mikeka ya Msiba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Lesieli Vaipuna anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Alianza kama muuguzi wa zahanati, na miaka kumi na tisa ya mwisho ameongoza mpango wa kuzuia unene wa Fangaloto, mmoja kati ya mipango ya vijiji vyetu saba hapa Tonga. Kamati imeniomba mimi, Kalolaine wa kijiji cha Matavao, niandike habari zake. Nimeshangaa, maana nilikuwa mshindani wake, na mshindani hasahau kitu.

Lesieli hajui kunong'ona. Kwenye karamu moja ya kanisa alimwondolea chifu sahani ya kondoo wa mafuta, akamwekea samaki wa kuchemsha, kisha akaketi pembeni kuhakikisha analiwa. Chifu alikula. Nani angembishia?

Zamani vijiji vilishindana. Kijiji ambacho watu wake wamepungua zaidi kwa mwaka kilizawadiwa nguruwe mnono, na wala hakuna aliyeona kichekesho. Kila mmoja alificha mbinu zake. Sisi Matavao tulitembea alfajiri, wengine wasituone.

Mwaka mmoja Fangaloto walipungua kilo tatu na nusu kila mtu. Lo! Tukapeleleza, tukasikia kwamba siri ni kupunguza chakula kimoja kwenye mlo wa Jumapili. Tukaacha kutembea, tukaiga hivyo. Miongoni mwa walioacha ni mume wangu, Siosaia, mgonjwa wa sukari, aliyekuwa na kidonda mguuni ambacho kilikuwa kimeanza kupona. Kilirudi kuchimbika. Nami, kwa kiherehere changu, nilimtambia Lesieli sokoni kwamba matembezi tumeyaacha, sasa tunaijua siri yake.

Wiki kadhaa baadaye, siku mbili kabla ya zawadi kutolewa, Lesieli alifungua daftari lake akaona tarehe ya kupima mara ya kwanza. Ilikuwa wiki ya kumzika mama yake chifu. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunga mikeka ya msiba, ile mikubwa inayofika kifuani, na hapa kwetu nani atavua mkeka wa msiba mbele ya mchungaji eti kwa ajili ya mizani? Mara ya pili matanga yalikuwa yameisha. Lesieli akautoa mkeka wake sandukuni, akaupima. Kilo tatu na nusu.

Asubuhi ya zawadi mchungaji alimsihi, "Mwanangu, nguruwe ameshachinjwa. Nyamaza tu."

"Mchungaji, kuna watu wameacha kutembea kwa ajili yangu," alijibu.

Ukumbini, mbele ya vijiji vyote, aliuweka mkeka juu ya mizani. "Ushindi wetu ndio huu," akasema. "Kilichopungua ni mikeka. Sisi tuko vilevile." Watu walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Mimi nilipandwa na hasira, sifichi. Nilisimama nimpashe, lakini nilipofungua mdomo nikajikuta naeleza jinsi tulivyotupa matembezi yetu yaliyokuwa yakifanya kazi, na hatukumwambia mtu kwamba yanafanya kazi. Mzee mmoja wa kijiji cha tatu akakiri kwamba mazoezi yao ya viungo yalikuwa ya daftarini tu. Hadi saa sita mchana tulikuwa tumejifunza mengi kuliko miaka yote ya mashindano. Nguruwe tulimla, lakini akawa wa mwisho.

Tangu hapo, kila miezi mitatu tunakutana na madaftari wazi, na kila kijiji kinaanza na jambo moja lililokishinda. Lesieli ndiye msimamizi, na ole wako uje na sifa tupu. Ile mbinu ya Jumapili ilifuatwa kwa dhati na kupimwa upya, ikaonekana inapunguza kilo moja hivi. Matembezi sasa yapo vijiji vitano, mchana kweupe.

Matavao tulirudi barabarani Jumatatu iliyofuata. Daktari alikuwa ameshataja kuukata mguu wa Siosaia. Kidonda kilichukua miezi saba kufunga.

Lesieli, ahsante, mwenzangu. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na wajukuu wasiochoka kukusikiliza. Ijumaa Siosaia anakuja kukuaga. Kutoka kwetu hadi ukumbini ni kilomita tatu, na amekataa gari.