Alistidia na Mipapai Kwenye Kibanja cha Ukoo

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani na waombolezaji wote, tunayemzika leo, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, hapa Buganguzi, ni Alistidia Rugemalira, mke wa Aroni Kagaruki, na kwa kuwa tangu juzi chini ya maturubai haya kila mtu amekuwa na historia yake ya kusimulia, sasa sikilizeni ya familia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Rwamishenye, Bukoba, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Rugemalira, akabatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na tarehe 6 Septemba 1975 akafunga ndoa na Aroni, akaja kuishi hapa kwenye kibanja, shamba la migomba la baba mkwe wake, Mzee Kagaruki, Ta Kagaruki kama tulivyomwita, mtu ambaye kwake chakula kilikuwa ndizi, na ukila kingine chochote, hata ushibe, ulikuwa bado hujala.

Mwaka 1977 alijifungua mtoto wake wa kwanza, Mwesiga, na mtoto huyo alipofikisha miaka mitatu, jua likishazama alikuwa anajikwaa kwenye vigoda na kuipapasa sahani yake kama kipofu, baadhi ya watu wakasema amerogwa, wengine wakasema ni mzembe kama wajomba zake, hadi surua ikaja, ikamchukua tarehe 21 Agosti 1980. Muuguzi wa zahanati alimuuliza Alistidia mtoto alikuwa akila nini, akajibu ndizi, na siku nyingine je, akajibu ndizi, akaulizwa, na mboga za majani je, akajibu, "Bojo, mwenzangu, kwetu majani ni ya mbuzi." Ndipo akaelezwa kwamba papai, mchicha, maboga, karoti na viazi vitamu vya njano vina vitamini A, inayolinda macho na kuupa mwili wa mtoto nguvu ya kupambana na maradhi, na vyote hivyo vinaota katika udongo huu huu ambao mwanawe alikuwa ameshafukiwa ndani yake.

Alirudi nyumbani, akapanda mipapai na mchicha katikati ya migomba, na Ta Kagaruki akaing'oa. Mnajua wenyewe, kibanja ni cha ukoo, mwanamke aliyeolewa hapandi mti humo, yeye akalime karanga huko nje kwenye nyasi. "Umekuja kuolewa au kugawana ardhi?" mzee alimuuliza, na Alistidia, akiwa amepiga magoti kwa heshima zote, akamjibu, "Baba, ardhi kaa nayo, mimi nataka watoto wanaoona," akainuka, akaenda kupanda tena. Mzee akang'oa, naye akapanda, na Aroni mumewe alikuwa hapo hapo, anageuza kahawa yake juani, hakusema neno.

Evodia alizaliwa mwaka 1982 na Kyaruzi mwaka 1985, wote wakachanjwa, wote wakalishwa papai kabla hawajajua kulikataa, na surua ilipopita tena kijijini ikawakuta wanacheza, ikawaacha wanacheza. Ta Kagaruki akachoka kung'oa, tena akaanza kuonekana nyuma ya jiko anakula papai amesimama, kwa sababu mwanamume akikaa ina maana amepewa chakula, na yeye alikuwa anasafisha kinywa tu, na hadi anafariki mwaka 1991, kinywa hicho kilikuwa kinasafishwa kwa papai zima.

Kuanzia mwaka 1994 Alistidia alifundisha akina mama wa usharika kuosha mchicha kabla ya kuukata, kuupika kwa muda mfupi na sufuria ikiwa imefunikwa, na kula chungwa au pera pamoja na mboga ili mwili upate madini ya chuma yanayoongeza damu. Waliochemsha hadi mboga ikabadilika rangi aliwaambia, "Mboga mmeimwaga na maji, mlichobakiza ni kamba."

Mwaka jana mwezi wa kumi alianza kutokwa damu, akaificha kwa aibu, na alipokubali kupelekwa hospitali Bukoba mwezi wa pili mwaka huu, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa, akafariki Jumapili tarehe 8 Juni, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Evodia. Wanaonong'ona huko nyuma kwamba mapapai yamemsaidia nini, wasikie: hakusema hata siku moja kwamba papai linatibu saratani, alisema watoto walishwe ili waone, na nyie wanawake mnaojificha kama alivyojificha yeye, nendeni mkapimwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliolala hapa msibani, na akina mama wenzake wa usharika.

Neno la mwisho ni la Aroni. Juzi vijana walikuja kupima kaburi hapa kibanjani, wakaona njia fupi ni kuikata mipapai, panga likainuliwa, na huyu mzee akatoka ndani, akasimama mbele ya wanaume wa ukoo wake, akasema, "Hiyo iacheni. Kateni migomba." Wakaangalia chini, wakaikata migomba iliyokuwa na mikungu, nayo ikaanguka. Amechelewa miaka arobaini na mitano, na aliyetakiwa kulisikia neno hilo alikuwa kwenye jeneza, lakini amelisema.

Alistidia, lala kwa amani, mipapai imesimama.