Mama Pyo Geumrye, Kosmosi Zake na Taa ya Njiani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Mzee Bang Deoksu, mimi mkwe wao, niliyemwoa binti yao Misuk, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na Mzee ameniagiza nisimpambe kupita kiasi, kwa sababu, alisema, hapa wamekaa watu waliomjua na watacheka.

Mama Pyo Geumrye alizaliwa tarehe 11 Machi 1948 katika kijiji cha Neureop, karibu na Namwon, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Pyo Manseok na marehemu Yang Sunim, akaanza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza darasa la sita mwaka 1961, asiendelee zaidi kwa kuwa karo iliyopatikana ilikwenda kwa kaka zake, jambo alilolisimulia bila kinyongo lakini hakuacha kulisimulia. Huko shuleni ndiko alikoyajua maua ya kosmosi, maana kila darasa lilipewa kipande chake cha ukingo wa barabara ya kupanda na kupalilia, na siku aliyoaga shule alirudi nyumbani na mbegu mfukoni.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Gwangju, akashona kola za mashati hadi tarehe 14 Novemba 1970, alipofunga ndoa na Bang Deoksu na kuletwa hapa Solgol, ambako mama mkwe wake alimwonyesha bustani na kumweleza kwamba hii ni ya pilipili, ile ni ya kabichi za kuchachushia kimchi, na maua hayaliwi. Bibi harusi aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema amesikia, kisha akapanda kosmosi chini ya ukuta wa njiani, mahali palipojaa changarawe ambapo hata magugu yalikuwa yanasuasua, na zikastawi, kwa kuwa ua hilo halipendi kudekezwa.

Bwana harusi hakulijua hilo, na masika yaliyofuata, kwa mapenzi tu, alizimwagia mbolea ya kuku kwa siri, kosmosi zikarefuka hadi zikapita ukuta, majani matupu, bila ua hata moja. Mama alimcheka mbele ya ukoo mzima, na miaka yote iliyofuata, kila alipomwona Mzee ameshika ndoo, alimuuliza anakwenda nayo wapi.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Misuk, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1973, na wajukuu wawili, na kuanzia mwaka 1989 hadi alipostaafu mwaka 2008 Mama alikuwa mpishi wa shule ya hapa jirani, ambako watoto walimwogopa kwa sababu hakumruhusu mtu kuacha mboga kwenye sahani. Wageni walioogopa kuchuma maua yake aliwagombeza vilevile, akiwaambia wakate, wasione huruma, kwa kuwa kosmosi ukiikata ndipo inapochipuza nyingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 Mama aliteleza njiani akielekea ibada ya alfajiri, akavunjika mkono, na Mzee, bila kumwambia, alikwenda ofisi ya kijiji mara kwa mara hadi ikasimamishwa taa kwenye kona ya ukuta wetu. Mapukutiko ya mwaka huo kosmosi zilirefuka bila kuchanua, Mama akamkabili mumewe kuhusu mbolea ya kuku, Mzee akaapa hadi kwa jina la marehemu mama yake, hakuaminiwa, na kwa muda alipakuliwa chakula bila samaki, mpaka siku Mama alipozunguka nyuma ya banda na kuona kwamba zile chache zilizokuwa kivulini, mahali ambapo mwanga wa taa haukufika, zimechanua zote. Ua hili husubiri usiku uwe mrefu ndipo lifunguke, na kwetu usiku ulikuwa umefutwa.

Mama alirudi jikoni, akamwekea Mzee samaki mkubwa, akamwambia, "Baba Misuk, safari hii umenidekeza kwa umeme."

Kesho yake Mzee alikata debe la mafuta ya kupikia, akalifunga kwenye ile taa upande wa bustani, mwanga ukabaki njiani, na nyumba hii ikaishi kwa raha na kosmosi zake kwa miaka mingi.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2023 Mama alianza kuumwa tumbo, madaktari wa Gwangju wakagundua saratani ya kongosho, na baada ya matibabu aliruhusiwa kurudi nyumbani mwezi Agosti, akijua hali yake, akiwa na ombi moja tu, kuziona kosmosi zikichanua tena. Lakini alikuta taa ya zamani imebadilishwa, imewekwa mpya yenye mwanga mkali juu ya nguzo ndefu, debe limetupwa, na Mzee, kwa magoti yale, hawezi tena kupanda ngazi. Mzee alitaka akaombe taa izimwe, Mama akakataa katakata, kwa sababu jirani yetu Bibi Ma Okhui, ambaye macho yake yamefifia, huipita njia hiyo kila alfajiri kwenda kusali, na Mama alisema hatanunua ua kwa kuvunjika nyonga ya mtu.

Habari zilimfikia Bibi Ma, akaja na fimbo yake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Mama Misuk, acha ukaidi. Macho yangu hata mchana hayanisaidii, njia hiyo naijua kwa miguu. Mwambie mumeo wazime, na aje kunishika mkono."

Basi ikazimwa, kijiji kizima kikatembea na tochi, Mzee akamshika Bibi Ma mkono kila alfajiri, na siku chache baada ya sikukuu ya mavuno ya Chuseok ua la kwanza, la rangi ya waridi, lilifunguka mbele ya dirisha la Mama. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema limechelewa kama Baba Misuk siku ya harusi, na tangu hapo alitaka pazia liwe wazi, hadi alipofariki dunia kwa utulivu tarehe 19 Oktoba 2023, mume na binti wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli na kumruhusu arudi kwake, mchungaji na waumini, wapishi wenzake, na nyinyi majirani wa Solgol, ambao baadhi yenu mlijikwaa kwa ajili ya maua ya mtu mwingine na hamkulalamika, shukrani zetu kwenu hatuna namna ya kuzimaliza. Mikasi ipo pale ukutani, tunaomba kila mmoja akate ua amwekee kwenye jeneza, na msione huruma.

Jioni ile alipofariki, Mzee alitoka peke yake hadi kwenye nguzo, akaiwasha taa kwa mkono wake kwenye swichi iliyo chini ya nguzo, na tulipomuuliza alisema, "Ameshaziona. Sasa wageni wake wanakuja, na Bibi Ma yuko njiani."

Mama, maua yamefunguka na Bibi Ma amefika salama. Lala unono.