Mzee Waya Anarudisha Kipaza Sauti

Ifikapo tarehe 30 mwezi huu, Mzee Waya atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika Kitengo cha Sauti cha Ofisi ya Rais, na atastaafu. Kwa wanaopenda hesabu: marais wanne, wawili wa chama kongwe, mmoja wa upinzani na mmoja asiye na chama. Kipaza sauti ni kilekile, kimebadilishwa betri tu.

Aliajiriwa kukunja nyaya, na jina likatokea hapo. Siku moja aliyekuwa akizunguka na kipaza sauti ukumbini kwenye Siku ya Wananchi, ile ya watu kumwuliza Rais maswali, aliugua, Mzee Waya akasukumwa katikati ya mabenchi, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Wenye shahada walipita hapo wakapanda vyeo. Yeye alipandishwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwenye ngazi, kufunga spika.

Kazi yake, kwa maandishi, ni kumfikishia Rais sauti ya mwananchi. Utaratibu ni kwamba mwulizaji hashiki kipaza sauti, anashikiwa. Chini ya kidole gumba cha mshikaji kuna swichi. Msaidizi anayeketi nyuma ya Rais akigusa tai yake, swali limetosha: kidole kinashuka, na mshereheshaji anasema, "Mitambo jamani, mtuwie radhi." Kwa kuwa nafasi kama hii haiji kila siku, tunaomba ieleweke kwamba mitambo ya kitengo hiki haijawahi kuharibika. Mafundi tuna watoto, nao wanasikiliza redio.

Upinzani ulipoingia madarakani tulitegemea swichi itang'olewa. Si waliahidi? Kampeni nzima waliimba kwamba rais wao atajibu kila swali. Wiki ya kwanza akaja msaidizi mpya, kijana mchangamfu, akamvuta Mzee Waya pembeni: "Mzee wangu, sisi si kama wale. Sisi hatugusi tai."

Walikuwa wanagusa miwani.

Wiki hiyohiyo Mzee Waya alisahau kubadili soksi, ile ya kitambaa inayovishwa kipaza sauti kwa rangi ya chama tawala. Rais mpya akahutubia saa nzima kupitia rangi ya yule aliyeshindwa. Ukumbini hakushtuka mtu. Maneno nayo yalikuwa ya yuleyule. Mzee akaona isiwe taabu, akashona soksi ya pande mbili. Uchaguzi ukiisha, anaigeuza.

Anayeyajua haya kuliko sote ni Mkunga, mama wa zahanati ya nje ya mji, ambako wazazi wanajifungulia kwenye wodi isiyo na maji. Enzi za rais wa kwanza kati ya hao wanne alianza kuuliza maji yatafika lini, tai ikaguswa. Wakasema ni mpinzani huyo, ametumwa. Na kweli kadi ya upinzani alikuwa nayo. Chama chake kiliposhinda alikuja na kilemba cha rangi ya chama, akaanza swali lilelile. Miwani ikaguswa. Msaidizi akamfuata hadi mlangoni: "Mama, wewe si ni wetu? Mambo ya nyumbani unayaanikaje mbele za watu?" Kwa hiyo alipokuwa mpinzani hakustahili jibu, na alipokuwa mwenzao hakustahili kuuliza.

Kisha akashinda mgombea binafsi. Tukashangilia: huyu hana chama, bosi wake ni wananchi. Kipaza sauti kikakaa bila soksi. Ikaja kubainika kwamba wale wenye chama walau walikuwa na kikao cha kuwafokea, na wabunge wanaoogopa kupoteza viti kwa sababu yao. Huyu hakuwa na hata wa kumkoholea. Muhula mzima Siku ya Wananchi ilifanyika mara mbili, na mara zote mbili aliyeuliza maswali ni yeye.

Sasa chama kongwe kimerudi. Katika kikao kilichopita Mkunga alisimama tena, mvi zimemjaa. "Mheshimiwa, kuna mama kajifungua juzi. Maji ya kumwoshea kaleta mumewe kwa ndoo, na ndoo ikapasuka njiani. Maji yatafika lini?" Tai ikaguswa. Ikaguswa tena. Msaidizi akaivuta kama anayejinyonga. Kidole cha Mzee Waya hakikushuka. Mkunga, ambaye hakuwa amewahi kufika mwisho wa swali, akabaki amesimama kusubiri jibu.

"Kabla ya mvua," akasema Rais.

"Za mwaka gani, baba?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, nchi nzima ikasikia. Rais akataja siku.

Mzee Waya alipohojiwa kwa nini hakuzima, alijibu kwa upole kwamba ni mitambo. Wiki iliyofuata ofisi iligundua kuwa amechoka, na kwa kumjali, kustaafu kwake kukasogezwa karibu kwa miezi minne.

Bomba limefika kweli, siku ileile iliyotajwa, hadi kwenye geti la zahanati. Chama kongwe kinasema ni kazi yao. Upinzani unasema mchoro ulikuwa wao. Kutoka getini hadi wodini ni mita sitini, na hizo hakuna chama kinachozidai.

Kamati ya sherehe ilitaka kumzawadia Mzee wetu saa ya ukutani. Yeye ameomba kiti cha mbele Siku ya Wananchi ijayo, kando ya Mkunga, aziulizie hizo mita. Kiti amepewa. Kipaza sauti amekabidhiwa aliyeandika maneno haya.

Mzee Waya, ahsante kwa miaka yote, na zaidi kwa siku ile moja. Tunakutakia mapumziko mema, afya, na wajukuu wasiokunyima usingizi. Siku hiyo ukisimama, usiharakishe swali.