Mama Kasema Pindua

Benchi lenyewe liko nje ya duka ambalo watu hufulia nguo kwa mashine, mwisho wa soko la Walthamstow, London. Ni mali ya halmashauri, ila Jumamosi asubuhi haketi mtu mwingine pale bila kuwaomba wenyewe wasogee. Msabaha, ambaye kwa domo lake wanamwita Spika, huja na chupa ya kahawa ya tangawizi aliyotengenezewa na mkewe. Mohinder alikuwa fundi wa reli Nairobi, sasa yuko kiwandani, na kilemba chake hakijawahi kukaa upande. Yeye ndiye Injinia. Shiraz wanamwita Kampala, kwa sababu huko ndiko alikofukuzwa pamoja na Wahindi wenzake, akiwa na sanduku moja, mwaka sabini na mbili, na huko ndiko maneno yake yote huishia. Sasa ni Novemba ya sabini na nne, baridi inauma masikio, nao wamekazana kubishana ni kitu gani cha maana kuliko vyote ambacho miaka hii ya sabini imekileta duniani.

Spika alishikilia kuwa ni televisheni ya rangi. Alidai kwamba kabla yake hakuwa na uhakika kama nyasi za viwanja vya mpira vya Waingereza ni za kijani. Injinia alitoa mfukoni kimashine cha kupigia hesabu, akataka aulizwe swali lolote, na hakuna aliyemuuliza. Akapita kijana mmoja amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, Spika akasema hata hicho nacho kiandikwe, watu kuacha kutembea chini na kutembea juu ya matofali.

Shiraz hakucheka. Alikuwa amepakata redio kaseti yake kama mtu aliyebeba mtoto kumpeleka kwa daktari.

— Kikubwa ni kaseti, alisema. Mama yangu hajui kuandika. Miaka miwili nasoma barua anazowaandikisha watu. Sasa namsikia hata akikohoa.

Mama huyo yuko Mombasa, kwa dada yake Shiraz. Jumatatu Shiraz ana appointment ofisi ya uhamiaji kule Croydon, apeleke fomu za kumleta, na mpaka leo hajui kama mama mwenyewe anataka kuja. Kaseti imefika mwezi uliopita. Ameisikiliza labda mara ishirini, na leo ameileta wenzake wamsaidie kusikia. Akabonyeza.

Mama alisalimu kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwao, akawaulizia wajukuu, akalilalamikia goti lake. Halafu akahamia Kiswahili, kama afanyavyo siku zote akiwa na jambo zito. “Habari ya kuja huko London, mwanangu, nimeshakata shauri. Sasa pindua.” Kukasikika tiki, basi.

Spika aliomba irudiwe. Akaisikiliza amefumba macho.

— Hapo anakupa habari, bwana. Pindua. Kuna serikali inapinduliwa.

— Ya Mombasa? aliuliza Shiraz.

— Ya Kampala. Mie nimetoka Unguja sitini na nne na nguo nilizovaa. Neno hilo halinipiti.

Injinia aliafiki, tena kwa utaalamu. Alieleza kwamba siku hizi viwanja vya ndege vina mashine ya kusikilizia kaseti za posta, na ikikutana na neno la hatari inakata hapo hapo, ndiyo maana mama kanyamaza ghafla. Spika naye hakukubali kuachwa nyuma. Mama kakata shauri asije London kwa kuwa anarudi Kampala, na wote waliofukuzwa wataitwa kwa redio, kila mtu na ufunguo wake. Kikombe cha pili kilipokwisha walikuwa wameshaipata na siku yenyewe: Krismasi, askari wakiwa wamelewa.

Shiraz alijua kuwa jamaa wanapiga soga. Lakini ufunguo wa duka lake la redio kule Kampala bado uko kabatini, ndani ya soksi, na moyo ulianza kumwenda mbio. Alijionea haya, na bado ukamwenda mbio.

— Basi Jumatatu siendi Croydon, alisema.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwanamwema, nesi wa Kipemba aliyehamia mtaa ule wiki hiyo hiyo kutoka Tottenham. Alikuwa akisubiri nguo zake zimalize kuzunguka, na mazungumzo yote alikuwa ameyasikia.

— Samahanini, kaka zangu. Upande wa pili anasemaje?

Spika alimuuliza upande wa pili wa nini.

— Si kasema pindua? Chapati ikiiva upande mmoja, wafanyaje?

Shiraz aliikazia macho kaseti yake.

— Upande wa pili nimerekodi, alisema.

— Umerekodi nini?

— Ngumi za Kinshasa.

Siku ya pambano lile la ubingwa wa dunia, lililotangazwa redioni, alikosa kaseti tupu madukani. Mama si msemaji, akajiambia, upande wa pili hauna kitu. Hakuujaribu hata kidogo. Miaka ishirini ametengeneza redio za watu, na kaseti ya mama yake hakuijaribu.

Injinia alisema kwa sauti ya chini kwamba huenda mkiani mwa utepe kumebaki kitu. Shiraz akaipindua, akaipeleka mbele. Umati ulinguruma, mtangazaji akapayuka kuwa mtu yuko chini, kukasikika tiki. Kisha akaja mama, yuko katikati ya sentensi.

“...ndilo sharti langu, wala si kubwa. Ukikubali nijulishe, nije. Ukikataa, niache hapa hapa kwa dada yako. Wasalaam.”

— Sharti gani? aliuliza Mwanamwema.

Shiraz aliirudisha kaseti nyuma kidogo, akamsikiliza mama tena, machozi yakimtoka mbele za watu, asiyafute.

— Nimekubali, alisema.

Injinia alimuuliza amekubali nini.

— Sijui. Jumatatu naenda.